Simu Ile Ilikuwa Yangu

"Mwanabaraka, darasa zima tumeshalipata. Amebaki Sadala tu," Tereza alisema kwenye simu. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Yuko wapi?"

Mwanabaraka aliibana simu sikioni. Alikuwa amekaa kitandani, katika chumba chake cha kupanga pale Kibiti, sahani ya wali wa mchana imempoa mapajani.

"Shoga, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Miaka kumi tangu tumalize kidato cha sita! Tunakutana mwezi ujao, halafu shemeji yetu akosekane?"

"Sijui alipo, Tereza."

Alisema uongo. Alijua fika. Sadala alikuwa kwao Salale, kule deltani kwenye mikoko. Ni bodaboda mpaka Nyamisati, kisha boti. Ukitoka asubuhi, adhuhuri umefika. Miaka kumi hakuwahi kwenda.

Mwaka ule wa mwisho walikaa dawati moja. Yeye alikuwa dada mkuu, binti wa wakulima wa Mkongo, mtu wa kutolewa mfano kila mstarini. Sadala alikuwa mtoto wa mvuvi, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko darasa zima. Mapenzi yao yalikuwa ya kunong'onezana juu ya vitabu.

"Tukifaulu, nitawaleta wazee wangu Mkongo kwa baba yako."

"Na tusipofaulu?"

"Nitawaleta vilevile."

Wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa, katikati ya kipindi cha Jiografia, simu ikalia ndani ya dawati lao. Ilikuwa shule ya bweni, na simu ni marufuku. Mwalimu akaweka chaki chini.

"Ya nani?"

Ilikuwa ya Mwanabaraka, kitochi alichopewa na shangazi yake Hadija. Kabla hajafumbua mdomo, Sadala alikwishasimama.

"Yangu, mwalimu."

Akarudishwa nyumbani akamlete mzazi. Darasani hakuonekana tena. Siku ya mtihani jina lake liliitwa mara mbili, msimamizi akachora mstari, wakaendelea.

Mwanabaraka alifaulu. Akaenda chuo kikuu, akarudi Kibiti kuwa mwalimu. Wachumba watatu walikuja kwao, wote akawakataa.

"Huyu naye ana kasoro gani?" mama yake aliuliza kwa yule wa tatu.

"Hana kasoro, mama. Mimi ndiye ninayo."

Jioni ya siku ile ya simu ya Tereza, meseji yake ikaingia: *Namba ya Sadala nimeipata kwa mnunuzi wa samaki na kamba. Hii hapa. Mpigie wewe.*

Aliandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Mwisho akatuma: *Asalaam alaykum. Ni mimi Mwanabaraka. Naomba nije Salale Jumamosi, nina neno.*

Jibu lilichukua siku mbili: *Waalaykum salaam. Boti inaondoka maji yakijaa asubuhi. Njoo.*

Jumamosi alimkuta Sadala chini ya kibanda cha makuti, mashine ya boti imefunguliwa mbele yake, mikono imejaa oili. Alikuwa amenenepa kidogo. Macho yalikuwa yale yale.

"Karibu, mwalimu."

"Usiniite mwalimu, Sadala."

"Nikuite nani? Dada mkuu?"

Alitabasamu, lakini Mwanabaraka hakuweza kutabasamu. Aliketi juu ya dumu lililopinduliwa, akashika pindo za mtandio wake.

"Nimekuja kukwambia jambo usilolijua."

"Sema."

"Siku mzee wako alipokuja shuleni, mkuu wa shule aliniita ofisini. Aliniambia baba yako ameapa kuwa wewe huna simu. Akaniuliza kama ni yangu." Aliviringisha mtandio kidoleni. "Akasema nikikiri tutafyeka nyasi wote wawili, yaishe, tufanye mtihani. Kufyeka nyasi tu, Sadala! Nikamjibu siijui. Nikamwambia kijana huyu ana tabia ya kudanganya watu."

Sadala alichukua kitambaa, akafuta kidole kimoja kimoja.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nimesimama nje, chini ya dirisha, na sanduku langu. Nilikusikia."

Mwanabaraka alihisi kama amepigwa kofi. Miaka yote ile alijiliwaza kwa jambo moja: kwamba Sadala alibaki na picha yake nzuri.

"Yote?"

"Mpaka hilo la tabia."

"Mbona hukuingia? Mbona hukunitaja?"

"Nimtaje nani? Nilikuwa nakupenda."

Mtoni mtu alimwita mwenzake kwa Kindengereko, wakacheka.

"Lakini mtihani ungeweza kuja kufanya," alisema Mwanabaraka. "Mkuu alisema hakuzuii."

"Ningekaa wapi? Namba yako na yangu za mtihani zilifuatana. Ningekaa nyuma yako saa tatu nzima natazama kisogo chako." Akatikisa kichwa. "Nilishindwa. Kosa hilo ni langu, usilibebe."

"Nisamehe, Sadala."

"Nilikusamehe zamani. Kilichoniuma si simu. Woga humshika mtu yeyote, na tulikuwa watoto. Nilidhani ukimaliza mtihani utakuja. Nikasema, labda anasubiri matokeo. Nikasema, labda chuo kimembana, atakuja likizo. Boti ikifika, naacha kazi naenda kutazama wanaoshuka. Miaka mitatu, Mwanabaraka. Baba akaniambia, mwanangu, huyo mtu haji."

Machozi yalimdondokea Mwanabaraka magotini, hakuyafuta.

Mwanamke akatoka nyumbani na sinia la wali na kamba wa nazi. Alikuwa na tumbo la miezi saba au minane. Alimtazama mgeni, akamtazama mumewe, akaelewa.

"Ndiye yeye?"

"Ndiye, Zuhra."

Zuhra akaweka sinia mkekani, akaketi kwa taabu, akamnawisha mgeni mikono yeye mwenyewe.

"Dada, kabla hajanioa alinieleza habari yako yote," alisema taratibu. "Nilikuwa nikiomba uje. Mtu akisubiri sana, hata akiacha, sikio lake hubaki mtoni. Sasa umekuja. Kula."

Mwanabaraka alikula. Chakula kilikuwa kitamu, na hilo lilimliza zaidi.

Boti ya kurudi iliondoka alasiri. Sadala na mkewe walimsindikiza hadi kwenye tope, wakapunga mikono, kisha wakageuka kwenda kwao, Sadala amemshika Zuhra kiwiko asiteleze. Mwanabaraka aliwatazama mpaka mikoko ikawaficha.

Ndipo kilio kikamtoka kwa sauti. Mama mmoja aliyekaa jirani na gunia lake la mpunga akamgusa bega.

"Pole, mwanangu. Umefiwa?"

"Hapana, mama. Nimesamehewa."

"Sasa la kulia liko wapi?"

"Alinisubiri, mama. Miaka mitatu alikuwa akija mtoni kunisubiri. Nami likizo zangu zote nilikuwa kwetu Mkongo tu, sikuja."

Mama yule alivuta gunia pembeni, akampisha asogee, wakakaa bega kwa bega mpaka Nyamisati.