Nani Yuko na Shangazi?

Chumba cha mbele cha nyumba hii ndipo Fundi anaposhonea nguo. Asubuhi ile cherehani ilikuwa inanguruma na redio inaimba. Kinyozi, mume wake, alikuwa anatafuta kiatu chini ya meza ya kukatia vitambaa. Na kila mtu alikuwa anasema kwa wakati mmoja. Familia hii haijui kuzungumza kwa zamu. Ukitaka kusikika, sharti upaze sauti kuliko mwenzako.

Siku hiyo walikuwa wanapanga safari. Dada mkubwa wa Kinyozi, ambaye nyumba nzima humwita Shangazi, alikuwa amestaafu. Alikuwa akifua mashuka hospitalini na kuyaanika juu ya paa. Kutoka pale juu alikiona kisiwa kidogo cha mchanga mweupe. Amekitazama miaka yote ya kazi, lakini hajawahi kukikanyaga. Sasa familia ilitaka kumpeleka kwa kayaki, ile mitumbwi myepesi ya plastiki ambayo mtu hukaa juu yake na kupiga kafi.

Kayaki ziliazimwa na mkwe wao, mume wa binti yao. Yeye ni mtunza bustani katika hoteli ndogo ya ufukweni. Jina lake la utani ni Kapteni. Alijipa mwenyewe.

"Tunaondoka saa mbili," alisema Kapteni.

"Mimi nimesikia saa tatu," alisema mke wake.

"Kwani saa tatu maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa?" aliuliza Kinyozi.

"Baba, maji ni maji," alisema Kapteni.

"Na kiongozi ni nani?"

"Si mimi?" alisema Kapteni.

"Kwani mimi nimekufa?" alisema Kinyozi.

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mimi nipeni kayaki yangu peke yangu. Siwezi kupanda na watu wanaobishana."

Wote wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo. Ungemuuliza yeyote kati yao kiongozi ni nani, au saa ya kuondoka ni ipi, kila mmoja angekupa jibu lake.

Fundi yeye alikuwa na lake kichwani. Aliwaza sare. Kapteni alikuwa ameleta majaketi ya kuokolea maisha, yale yanayomfanya mtu aelee. Yalikuwa ya rangi kali ya machungwa, yana madoa, tena yamepauka mabegani.

"Tupige picha ya sherehe na haya matambara?" alisema Fundi. "Hapana. Sikubali kuaibishwa na mimi ni fundi."

Basi akayashonea kava. Alichagua kitambaa cha bluu, bluu ile ile ya bahari, akakitia utepe mwembamba pembeni. Alishona mara mbili kila mshono. Alipomaliza akaitundika moja dirishani ili wapita njia waione.

Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anapita. Huyu ni mwanamke anayefundisha watu kuendesha kayaki, na watu humwita Mwalimu. Alisimama mlangoni.

"Jirani, kizibao kizuri hicho! Ni cha harusi?"

"Cha sherehe ya wifi yangu."

"Mkono wako hauna mpinzani," alisema Mwalimu, kisha akapanda ngazi kwenda kwake.

Jamani! Mtu mwenye majibu yote alisimama pale mlangoni, akasifia uzi, akaenda zake. Fundi hakumuuliza kitu kuhusu bahari, na Mwalimu hakuuliza ndani ya kizibao kuna nini.

Siku ya safari waliondoka wakati usioeleweka, wengine wakidhani wamechelewa na wengine wakidhani wamewahi. Karibu na ufukwe bahari ilikuwa shwari. Upepo ulitoka nchi kavu ukawasukuma mgongoni, nao wakaona ni baraka. Kapteni na mke wake walitangulia kwa kasi. Kinyozi na Fundi, katika kayaki yao ya watu wawili, walisimama mara kwa mara kupiga picha. Shangazi alikwenda taratibu, peke yake.

Katikati ya njia palikuwa na mwamba mkubwa. Kapteni aliupita kushoto, Kinyozi akaupita kulia. Walikutana kisiwani, wakavuta kayaki mchangani wakicheka.

Kisha binti akauliza, "Shangazi yuko wapi?"

"Si yuko na nyinyi?" alisema Kinyozi.

"Sisi? Si alikuwa na nyinyi?"

"Mimi nilimwona anakuja upande wenu!"

"Na sisi tulijua amewafuata nyinyi!"

Wakatazamana. Kinyozi aligeuka akaitazama bahari. Ilikuwa bluu kila upande, na alikuwa anamtafuta mtu aliyevaa bluu. Kila alipodhani amemwona, lilikuwa wimbi. Hakujua atazame wapi, aanze na nini, amlaumu nani. Mama yao alipofariki, Kinyozi alikuwa mtoto, na Shangazi ndiye aliyekuwa akimwogesha, akampeleka shule, akamlea mpaka akaoa. Sasa amempoteza baharini kwa sababu ya picha. Kinyozi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Naenda kumtafuta!" alisema, akishika kayaki.

"Wapi?" Fundi alimng'ang'ania shati. "Unaenda wapi, baba? Unajua yuko upande gani?"

Hakujua. Simu ya Kapteni ilikuwa imeingia maji mfukoni. Bahati nzuri, Fundi aliifunga yake kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya picha. Akampigia Mwalimu, akaweka spika ili wote wasikie.

"Mlitoka ufukweni saa ngapi?" aliuliza Mwalimu.

"Saa mbili," alisema Kapteni.

"Saa mbili na nusu," alisema binti.

"Karibu saa tatu," alisema Kinyozi.

"Nani huku nchi kavu anaujua mpango wenu?"

Hapakuwa na mtu.

"Haya. Shangazi amevaa nini?"

"Jaketi la kuokolea," alisema Fundi. "Lakini nimelitia kava. La bluu."

"Jirani... kile kizibao cha dirishani?"

"Ndicho."

"Bakini hapo hapo. Msiingie majini. Sitaki kutafuta watu watano badala ya mmoja."

Walikaa mchangani wakisubiri. Hatimaye boti ya injini ya waokoaji ilitokea nyuma ya mwamba, ndani yake Mwalimu na Shangazi. Shangazi alikuwa amelowa chapachapa na amefunikwa blanketi. Mdomo ulikuwa unatetemeka kwa baridi, lakini haukuacha kufanya kazi.

"Upepo umenisukuma mbali," alisimulia. "Wimbi likanipindua. Nikaishika kayaki, sikuiachia. Boti ikaja, nikapunga mkono, ikanipita! Hawanioni kwa bluu hii. Nikachomoa kibanio cha nywele nikaanza kufumua. Wifi yangu, wewe hushoni, unachomelea! Nimekata uzi kwa meno. Nilipoitoa hiyo kava, rangi ya machungwa ikaonekana, ndipo boti ikageuka."

Walicheka huku wanalia. Kinyozi alimkimbilia dada yake amkumbatie. Shangazi akauondoa mkono wake begani.

"Nilikuita," alisema. "Nilikuita mpaka sauti ikaisha."

"Dada, nilidhani uko na Kapteni."

"Ulidhani."

Basi. Hakusema neno jingine naye. Tangu siku hiyo hakupita tena kwenye kibanda cha kunyolea cha mdogo wake kunywa chai ya jioni kama alivyozoea. Kinyozi alinyoa vichwa vya watu akiwa amezama mawazoni, mpaka mteja mmoja akaondoka na sharubu za upande mmoja.

Jumapili Mwalimu aliwaita wote kwenye chumba cha cherehani. Shangazi alikuja, lakini alikaa mbali na mdogo wake.

"Kwanza mimi," alisema Mwalimu. "Kava niliiona, nikaisifu, sikuuliza. Safari nyingine nitauliza."

Fundi alikuwa ameshika kiwembe, anafumua kava. "Basi nishone rangi gani?"

"Usishone kabisa. Jaketi huvaliwa kama lilivyo, rangi ya kuonekana mbali, likiwa limebana mwili. Ukimvuta mtu mabegani, jaketi lisipande mpaka masikioni. Na kila mmoja afunge filimbi kwenye jaketi lake. Sauti ya mtu huchoka. Filimbi haichoki."

"Lakini siku ile bahari ilikuwa shwari," alisema Kapteni. "Mimi ndiyo sielewi. Tulikosea wapi?"

"Ilikuwa shwari pale ulipoitazama. Upepo ukitoka nchi kavu, ufukweni maji hutulia, lakini huko mbele unakusukuma usirudi. Ndiyo maana tunasikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla, tunauliza upepo unatoka wapi, na maji yanajaa au yanakupwa saa ngapi."

"Si nilisema!" alisema Kinyozi.

"Uliuliza, shemeji. Hukusubiri jibu."

Binti alicheka, kisha akauliza, "Na nani anakuwa kiongozi?"

"Mmoja tu, naye hukaa mbele. Tunachagua na mtu mwingine wa kukaa mwisho. Wote wengine wako kati yao, karibu kiasi cha kusikiana. Anayekwenda polepole ndiye anayepanga mwendo. Mtu akipuliza filimbi mara moja, wote wasimame wamtazame. Mara tatu, anahitaji msaada. Na mtu yeyote akisema turudi, tunarudi. Ubishi tutaufanya nyumbani, tukiwa tumekauka."

"Huo ubishi tunauweza," alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu.

"Na kabla ya kuondoka, mwachieni mtu wa nchi kavu mpango wenu: mnakwenda wapi, wangapi, mtarudi saa ngapi. Msiporudi, apige simu kuomba msaada."

Kapteni alikuna kichwa. "Na ukipinduka?"

"Fanya alivyofanya Shangazi. Shika chombo, usikiache. Mtu peke yake majini haonekani. Lakini kupanda tena ni lazima mjifunze, na mtajifunzia maji ya kifuani."

Walijifunza wiki kadhaa. Walipinduka makusudi, wakapanda, wakateleza, wakapinduka tena. Kinyozi mara ya kwanza alipanda akiwa ametazama nyuma, na Kapteni akamuuliza kama anarudi alikotoka. Ilipofika siku ya kugawana kazi, Mwalimu akawa kiongozi.

"Na wa mwisho ni nani?" aliuliza.

"Niachieni mimi," alisema Kinyozi kwa sauti ndogo.

Wote wakamtazama Shangazi. Alikuwa anakaza mikanda ya jaketi lake.

"Mimi naenda kwa ajili ya kisiwa," alisema. "Siendi kwa ajili ya mtu."

Waliondoka saa moja kamili, wote sita. Mlinzi wa hoteli alibaki na mpango wao. Mwalimu alikuwa mbele, Kapteni na mkewe wakafuata, kisha Shangazi. Fundi na Kinyozi walikuwa mwisho.

Shangazi alipiga kafi kidogo, akageuka nyuma. Akapiga tena, akageuka. Kila alipogeuka, Kinyozi aliinua mkono. Hakutazama kitu kingine. Wakaupita mwamba, wote upande mmoja.

Kisiwa kilikuwa karibu sasa, mchanga wake unang'aa. Shangazi akaanza kuimba. Kinyozi ndipo alipoona kafi yake inainuka kwa shida. Anapiga mbele, lakini chombo chake kinakwenda kando. Kule nyuma ya kisiwa mapovu meupe yalikuwa yameanza kuonekana juu ya mawimbi.

Je, ni kitu au si kitu? Utabiri ulisema upepo utaanza mchana. Labda anaona vibaya. Na dada yake amekingoja kisiwa hiki miaka yote. Akimnyima leo, atamsamehe lini?

"Vipi?" aliuliza Fundi.

"Sijui," alisema Kinyozi. "Sijui kabisa."

Akapuliza filimbi. Wote wakasimama.

"Turudi!" alisema. "Upepo unakuja, na Dada amechoka."

"Baba, si pale tu?" alisema Kapteni.

Mwalimu aliyatazama yale mapovu, akamtazama Shangazi. "Tunarudi," alisema, na akageuza kayaki.

Shangazi alikitazama kisiwa. Hakuimba tena. Kinyozi aliinamisha kichwa, akingoja maneno makali. Hayakuja. Shangazi aligeuza chombo chake taratibu, akampita mdogo wake bila kumtazama, akaingia katika msafara.

Safari ya kurudi upepo wa baharini uliwasukuma kuelekea nyumbani, na mawimbi yaliinua kayaki na kuzishusha. Kinyozi alikuwa tena wa mwisho, mkono tayari kuinuka dada yake akigeuka. Wakaupita mwamba. Wakaona paa la hoteli. Shangazi alipiga kafi kwa utulivu, uso mbele, na hakugeuka hata mara moja.

Walipofika, mlinzi aliwahesabu kwa sauti, watu sita. Kabla hawajamaliza kuosha kayaki, mawimbi yalikuwa yanapiga mwamba mpaka juu. Kapteni aliyatazama.

Kinyozi alimsogelea dada yake. "Dada, nisamehe. Nimekunyima kisiwa."

Shangazi alifungua mikanda ya jaketi lake, moja baada ya nyingine.

"Kisiwa hakina miguu, mdogo wangu, hakiendi popote," alisema. "Jumamosi ijayo, upepo ukiwa mzuri, tutakwenda tena. Na wewe kaa hapo hapo nyuma yangu."