Majivu ya Bibi Zipora

Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, Mbuke alipita kwanza nyuma ya nyumba. Hapo, chini ya mparachichi, alizikwa mwanawe Kabula. Sista Scolastika wa misheni ya Ushirombo alimpa mche mdogo wa ua liitwalo hosta, wenye majani ya buluu iliyochanganyika na kijani.

"Halipendi jua," alisema. "Lipe kivuli na unyevu."

Mbuke akalipanda kaburini. Kila jioni akalimwagilia.

Asubuhi moja ya ukungu alikuta majani yamejaa matundu, kana kwamba yametobolewa kwa vidole. Mstari unaong'aa kama fedha ulizunguka msalaba, ukavuka ua wa minyaa, ukaishia kwa jirani yao Bibi Zipora, mjane mwenye macho mekundu.

Asubuhi ya pili mistari ilikuwa mitatu.

"Yule bibi anamfuata mwanangu mpaka kaburini," Mbuke alinong'ona.

"Kesho nitamtaja kwenye mkutano wa kijiji," alisema mumewe, Makoye. Alikuwa ananoa panga.

Mbuke akalitazama lile panga. Mwaka uliopita bibi mmoja alitajwa hivyo hivyo kuwa mchawi. Hakuiona Jumapili iliyofuata.

Akamkimbilia bwana shamba, Donatus. "Njoo uone nyayo za mchawi!"

"Mchawi anayekula majani, Mama Kabula?" Donatus alicheka walipofika kaburini. Alipoliona panga la Makoye, akaacha kucheka. Akalowesha gunia, akalilaza kando ya hosta. "Msiliguse. Baba Kabula, nipe mpaka alfajiri tu."

Alfajiri akalifunua. Makoye akaruka nyuma. Chini ya gunia walijikunja viumbe wa kijivu, laini, wanene.

"Makoa," alisema Donatus. "Konokono wasio na nyumba. Ute wao ukikauka hung'aa. Mchana hujificha kwenye mabua yaliyooza, kama yale yaliyorundikana kwa Bibi Zipora. Mama, ukimwagilia jioni unawatandikia njia. Mwagilia asubuhi. Tega gunia, waokote, watie kwenye maji ya chumvi. Zungushia hosta majivu makavu; yakilowa, weka mengine."

"Na macho yake mekundu?" Makoye aliuliza.

"Miaka arobaini anapikia mavi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Yako yangekuwa meupe?"



Mbuke akachukua karai, akabisha hodi kwa jirani.

"Shikamoo, bibi. Naomba majivu."

Zipora alifungua mlango nusu. "Marahaba. Nilisikia panga likinolewa, mjukuu wangu. Sikulala."

Akamjazia karai.

Jioni ile Makoye alikuja na panga lile lile. Alikata fito, akatoboa ukuta wa jiko la bibi, akamtengenezea dirisha.

Mvua zilipokwisha, hosta ilikuwa na majani tisa mazima. Aliyeyahesabu ni Bibi Zipora.