Kosa la Chapa

Jua lilikuwa linazama nilipopitia kwa Josephat kuchukua kitabu. Mwaka ule, tisini na tano, kila mwenye mashine ya chapa pale Mwanza alikuwa na gazeti lake, na Josephat alikuwa na kijarida cha vijana. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilimwandikia maoni ya vitabu.

"Mwandishi ni kijana wa huko kwenu Misungwi," akasema. "Ana hamu kweli ya kujua utasemaje, Mwalimu Selina. Nimemwelekeza unapokaa. Kesho jioni atapita."

Kitabu kiliitwa Panga Bwenini. Nilikisoma chumbani kwangu Butimba, kalamu nyekundu mkononi, na nilicheka sana. Wasichana wa bweni wanachinjwa mmoja mmoja, na kila anayesikia kishindo nje anatoka peke yake, bila taa, kwenda kuangalia. Mkuu wa shule hakumbuki polisi hadi sura ya tisa. Wote, hata mpishi, wanaongea kama watangazaji wa redio. Pembeni nikaandika: hakitishi.

Kesho yake magharibi nilikuwa nimebakiza sura ya mwisho. Umeme ulikatika kama kawaida yake. Nikawasha kibatari.

Muuaji ni bibi kizee. Ushahidi? Macho mekundu.

Kicheko kikanikauka. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa na macho mekundu. Kuni zilikuwa zimekwisha kwetu, tukapikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake haumwachi mtu salama. Jioni nilimsomea vitabu vyangu vya shule, yeye akikoroga chungu na kufuta machozi kwa kanga. Miaka miwili nyuma ng'ombe wa jirani walikufa, na watu wakamjia Bibi na mapanga, ati macho yale ni ya mchawi. Mimi nilikuwa huku mjini, nasahihisha madaftari. Hakukamatwa mtu. Ninamlilia hadi leo, na nilikuwa sijapata wa kumuuliza kwa nini.

Nikaendelea kusoma. Vijana mashujaa wanavunja mlango wa bibi kizee. Naye hapigi kelele. Anasema:

"Kalibuni. Mmekula?"

Nikazungushia duara jekundu. Kosa la chapa. Juu yake nikaandika: karibuni.

Kalamu ikasimama.

Kitabu kizima hakikuwa na l iliyokaa mahali pa r. Ni hapo tu. Na Bibi... Bibi hakuwahi kuitamka r maishani mwake. Wala hakumkaribisha mtu bila kumuuliza kama amekula.

Nikasikia harufu. Haikuwa ya kibatari. Ilikuwa ya mavi ya ng'ombe yanayoungua... ndani ya chumba ninamopikia kwa mkaa.

Kisha kikohozi. Kikavu, kifupi, nyuma yangu, pale chini karibu na jiko.

Sikugeuka.

"Selina. Nisomee."

"Shikamoo, Bibi," nikanong'ona. Mdomo ulisema wenyewe.

"Malahaba. Nisomee."

Nilitaka kumdanganya. Nimsomee mwisho mwingine, bibi kizee anapona, vijana wanaomba radhi na kurudi makwao. Nikainamia kitabu, nikatafuta pa kuanzia.

"Yule wa nyuma alikula," akasema taratibu. "Wenzake walikataa. Yeye alichukua matobolwa kwenye chungu."

Ukurasa uliofuata nilikuwa sijaufunua. Nikaufunua. Shujaa wa kitabu, mdogo kuliko wote, amebaki nyuma ya wenzake. Anachota viazi vikavu chunguni, anatoka kuvitafunia nje huku wao wakimaliza kazi. Vilikuwa vitamu, mwandishi ameandika.

Labda kila bibi wa Usukuma hukaribisha hivyo. Labda kila nyumba ya kwetu ina chungu cha matobolwa. Nilijaribu kujiambia hivyo, lakini moyo ulikataa.

"Alishiba?" Bibi akauliza.

Nikalia. Miaka miwili nilikuwa natafuta majina ya waliomuua, na yeye alichotaka kujua ni kama mtoto wa watu alishiba.

Hatua nje... Mlango ukagongwa polepole.

"Hodi, Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Ni mimi, wa kile kitabu."

Sauti ya kijana mpole, mwenye adabu. Nilitaka kumfukuza. Nilitaka pia kumkamata shati, nimuulize kwa nini, asitoke hapo mpaka anijibu. Moshi ukanipita usoni, ukaelekea mlangoni, na ile sauti ya karibu na jiko ikanitangulia kujibu.

"Kalibu. Umekula?"

Kisha, upande wa pili wa mlango, nikamsikia kijana wa watu akianza kulia.