Urefu Kwanza, Kisha Mabega

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine zote. Jirani yetu seremala alifungua karakana saa mbili asubuhi, akafagia maranda ya jana, akavaa hedifoni zake kubwa za kuzuia kelele za msumeno. Hazina waya, Bluetooth ndiyo inayoziunganisha na simu mezani, naye husikiliza redio ya simu huku akikata mbao. Alikuwa na kitanda cha kukabidhi jioni ile na hakutaka masihara.

Redio ikakatika. Sauti ya hedifoni zenyewe ikamwambia masikioni, "Imeunganishwa." Akaangalia simu yake. Haikuwa imeunganishwa na chochote.

Akazima, akawasha. Dakika mbili, ikakatika tena. Akazima tena, akasonya. Mara ya tano damu ilikuwa imemchemka, maana hakuna kinachoudhi kama kugombana na kitu kisichojibu. Akavuka barabara hadi kwa fundi simu.

Fundi simu akabonyezabonyeza. "Hizi zinashika simu mbili. Yako, na nyingine inaitwa Kaka. Hiyo ndiyo inakunyang'anya."

Seremala akalisoma jina hilo mwenyewe kwenye kioo. Kaka yake aligongwa na lori akafa miezi mitatu nyuma, na simu ikasagika pale pale barabarani. Vipande vyake aliviokota yeye mwenyewe.

"Ifute," akasema.

"Nimeshaifuta mara tatu. Inarudi." Fundi simu akakuna kichwa. "Halafu Bluetooth haiendi mbali, fundi. Hatua kumi, kumi na tano. Mwenye hiyo simu yuko karibu na wewe."

Akarudi karakana amekasirika, au alijidai amekasirika. Akavaa hedifoni, akawasha msumeno.

Walikuwa wakifanya kazi pamoja, yeye na kaka yake. Kaka alikwenda kwa wateja kupima, kisha akapiga simu kusoma vipimo. Kama ni kitanda, alianza na upana. Kama ni jeneza, alianza na urefu, kisha mabega. Walikubaliana hivyo ili neno jeneza lisitajwe mbele ya wateja.

Redio ikakatika. "Imeunganishwa."

Akazima msumeno. Kimya. Halafu mtu akavuta pumzi.

"Mdogo wangu, andika." Ilikuwa sauti ya kaka, ya chini, ya mtu aliyechoka. "Urefu, mia moja na kumi na mbili."

Seremala akashika ukingo wa meza.

"Mabega, ishirini na nane."

Ikakatika.

Sentimita mia moja na kumi na mbili si mtu mzima. Ni mtoto. Na yeye ana mtoto mmoja tu, binti wa miaka sita. Alitupa hedifoni chini, akakimbia mpaka nyumbani, futi ya kupimia ingali mkononi.

Binti alikuwa chumbani, anachezea vifuniko vya chupa.

"Simama hapa, mama. Usitikisike."

Akampima. Akarudia. Mia moja na kumi na moja. Akashusha pumzi, akataka hata kucheka.

"Baba, mbona na wewe unanipima?"

"Nani mwingine kakupima?" akanong'ona.

"Baba mkubwa. Jana, na juzi. Anasema bado kidogo."

Mtoto akaonyesha mlango. Kwenye fremu kulikuwa na mstari wa penseli ya seremala, na kando yake 112 na 28, tarakimu za mbili zikiwa na mkia uliopinda ambazo kaka yake peke yake ndiye aliyeziandika hivyo.

Akachukua msasa. Akasugua huku akitukana, akasugua mpaka mbao ikaingia shimo na vidole vikatoka damu. Mstari ulikuwa ndani ya mbao pia. Ulikuwa ndani zaidi kila alipoukaribia. Akaurusha msasa ukutani, akalia kwa hasira mbele ya mwanawe.

Kisha akamsimamisha mtoto kwenye fremu, akaingiza kidole kati ya nywele zake na mstari. Kilipita kimoja, tena kwa kubana.