Nyota Iliyomeza Mlango

Maiti ililala chali chini ya shimo la lifti, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki juu, ghorofa ya saba. Marehemu alikuwa Fahmi Zaghlul, daktari wa meno, mtu aliyeheshimiwa na watu wazima na kuogopwa na watoto wote wa mtaa wa Sidi Bishr. Asubuhi hiyo alibonyeza kitufe, mlango ukafunguka, akaingia. Lifti yenyewe ilikuwa juu zaidi, ghorofa ya kumi.

Inspekta Wagdi Sarhan alichungulia shimoni huku ameukumbatia ukuta. Alikwisha kukamata wauaji, tena wenye mapanga, lakini lifti aliziogopa tangu utotoni. Tafadhali tusimcheke. Daktari hakuziogopa, na tazameni alipo.

"Mlango umevunjwa?" aliuliza.

"Hapana, afande," alijibu Nagwa, mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi, sauti ikipanda kutoka chini. "Hakuna alama ya nondo. Kufuli ni zima. Mlango uliamriwa kufunguka, nao ukatii."

"Uliamriwa na nani?"

"Na ubongo wa lifti. Programu yake."

Juu ya vitufe palibandikwa nembo ya buluu ya kampuni ya programu hiyo, ndege hudihudi. Inspekta alimtambua ndege huyo. Hudihudi huyohuyo alikuwa kwenye lifti ya mama yake, mtaa wa Rushdi, ghorofa ya tisa. Na mama hakuwa na siku asiyoshuka kununua mboga kabla ya adhuhuri.

Alipiga simu. Ikaita, ikaita, ikanyamaza.

"Koplo Sabri! Kimbia kwa mama. Asiingie kwenye lifti. Ikibidi, mkalie!"

"Nimkalie mama, afande?"

"Mbio!"

Ofisi za kampuni ya Hudihudi zilikuwa ghorofa ya sita ya jengo lililoitazama bahari. Wafanyakazi walijisukuma ndani ya lifti wakicheka. Inspekta aliipa kisogo, akashika ngazi. Njiani alimkuta kijana ameketi, anahema kama punda wa mkokoteni, kitambulisho cha kampuni shingoni: Tamim Galal, mwandishi wa programu.

"Lifti mbovu?" aliuliza Inspekta.

"Hapana, mzee. Nafanya mazoezi."

"Na sigara mdomoni?"

Tamim aliitoa, akaitazama kana kwamba kuna mtu aliyempachikia.

"Mimi napanda ngazi kwa sababu ni mwoga," alisema Inspekta, akionyesha kitambulisho chake cha polisi. "Wewe unatengeneza lifti. Unaogopa nini?"

Tamim alianza kuinuka; Inspekta akamzuia.

"Sidi Bishr mtu ameingia mlangoni, lifti haipo."

Sigara ilianguka. "Amekufa?"

"Amekufa. Na Rushdi, jengo lenye duka la maua chini. Lile nalo?"

"Zote, afande," alinong'ona Tamim. "Zote za mjini."

Walipanda mbio, wakiparamia vidato viwiliviwili. Tamim alirukia kompyuta yake, akakosea neno la siri, akaliandika tena. Inspekta alimpigia mama simu tena. Iliita bila kujibiwa.

"Zima zote! Huku unazima, sema. Ulifanya nini?"

"Nilifuta maelezo tu, Wallahi. Yale tunayoandikiana ndani ya programu. Mashine huyaruka, husomwa na watu. Kesho wanakuja wakaguzi kusoma kila mstari."

"Ulikuwa unaficha nini?"

"Utani. Niliandika: 'Ukitaka kujaribu uzito wa mwisho wa lifti, pakia tumbo la mkurugenzi.' Na mengine mabaya kuliko hilo. Yalikuwa mengi, nikaona uvivu kuyafuta moja moja. Nikaandika ruwaza, yaani amri ya kutafuta na kufuta: tafuta alama inayofungua maelezo, kisha nukta na nyota, kisha alama inayofunga, yote hayo badilisha yawe patupu. Nukta ni herufi yoyote. Nyota ni: irudie kadiri uwezavyo."

"Halafu?"

"Nyota ni mlafi, afande. Haikusimama kwenye alama ya kwanza ya kufunga. Ilikwenda mpaka ya mwisho kabisa, ikameza kila kilichokuwa katikati. Utani wangu, na masharti yanayozuia mlango kufunguka kama lifti haijafika."

"Na mashine haikulalamika?"

"Kilichobaki kilisomeka vizuri. Nikakituma mjini kote jana, nikaenda kula koshari."

"Hukukijaribu?"

"Ukiomba majaribio, msimamizi huja kuangalia ulichofuta. Angeusoma utani. Leo alfajiri mlango wa lifti ya nyumbani ulinifungukia, mbele yangu hewa tupu. Nikajua. Nikasubiri ofisi ifunguliwe, nikaja nirekebishe kimyakimya kabla mtu hajagundua."

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Ungepiga alfajiri ile, zikazimwa, daktari angekuwa anang'oa meno saa hizi."

Tamim alibonyeza mara ya mwisho. Kwenye kioo cha kompyuta taa za kijani ziligeuka nyekundu, jengo baada ya jengo. "Zimezimika," alisema, akaangua kilio.

Simu ya Inspekta ililia.

"Wagdi! Mbona unanisumbua hivyo?" Alikuwa mama. "Mlango wa lifti umefunguka, ndani giza. Nikasema taa imeungua. Nimeinua mguu, nasikia simu jikoni, nikarudi. Sasa nakuta polisi amejilaza mlangoni kama zulia, hawezi hata kusema. Nimruke?"

"Mama, usimruke!"

"Basi nyanya utaninunulia wewe."

Inspekta aliketi sakafuni. Alipoinuka alitoa pingu.

"Kwa hiyo mtu amekufa," alisema polepole, "ili mkurugenzi asijue kwamba ana tumbo."

Tamim alinyoosha mikono. Mlangoni alisita, akautazama ule mlango wa lifti uliong'aa.

"Afande," alisema, "tutumie ngazi?"

"Ngazi," alijibu Inspekta, na kwa mara ya kwanza siku ile wakakubaliana.