Gunia la Dirisha la Jikoni

Siku tuliyomzika Bibi, shangazi zangu waliosha masufuria yake yote na kuyapanga pale pale alipozoea kuyaweka. Jioni wakarudi makwao, sisi tukahamia kwa Babu ili asibaki peke yake. Kesho yake asubuhi Mama aliingia katika jiko la mkwewe, akawasha kuni, akapika bila kuhamisha hata kijiko.

Jiko lile ni chumba kidogo cha tofali nyuma ya nyumba. Lina mafiga matatu, mlango mmoja na dirisha moja, na tulikuta dirisha limezibwa kwa gunia lililokunjwa. Moshi ulijaa mpaka darini. Mama alipika huku akijifuta macho, na mgongoni amembeba mdogo wangu, tuliyemwita Bonge kwa ajili ya mashavu yake.

"Mama, tutoe lile gunia," nilisema.

"Mama mkwe ameliacha pale, litakaa pale."

"Lakini unatoka machozi."

"Nani hajatoka machozi nyumba hii? Nenda kalete maji."

Haikuchukua muda, Bonge akaanza kukohoa. Kifua kikawa kinapiga filimbi, akakataa hata uji, yeye ambaye hakuwahi kukataa chochote. Mama alimpeleka zahanati, nami nikabeba mkoba.

Muuguzi alimsikiliza kifua, kisha akanusa kanga aliyobebewa. "Dada, huyu mtoto mnampikia au mnampika?"

Mama alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

"Nampa dawa," muuguzi akaendelea, "lakini akirudi kwenye moshi, atarudi hapa akiwa na hali mbaya zaidi. Mapafu yake bado machanga. Hata wewe unaumia. Pikia nje ukiweza, tumia kuni kavu, fungua dirisha, na mtoto akae mbali na moto."

Tulimkuta Babu barazani. Mama alipiga goti, akamweleza yote. "Baba, mengine nitayafanya. Ila dirisha alilifunga marehemu mama. Naona vibaya kulifungua."

"Alilifunga nani?" Babu aliuliza.

"Mama."

Babu alicheka mpaka akashika mbavu. "Nililiziba mimi! Bibi yenu alipolala kitandani nikajifanya mpishi. Upepo ukanizimia moto, nikatia gunia. Akaniita toka chumbani: 'Mzee, unapika uji au unakausha samaki?' Alinigombeza hadi nikaapa kulitoa. Halafu akatutoka, nikasahau."

Mama alimtazama, akaanza kucheka naye, huku machozi yakimtoka, safari hii bila moshi. Akaingia jikoni, akalivuta gunia kwa mikono miwili. Masizi yakamwagika, mwanga ukaingia.

Bonge alipopata nafuu na kuanza kudai uji kwa kelele, Babu alituita.

"Sikilizeni, wajukuu zangu. Moshi wa jikoni tumeuzoea, ndiyo maana hatuuogopi, kumbe unaumiza vifua kidogo kidogo. Na bibi yenu hatumuenzi kwa kuacha vitu vyake kama vilivyokaa. Tunamuenzi kwa kuwatunza aliowaacha."

Siku hizi, mvua isiponyesha, tunapikia uani. Kuni naanika mimi, na Bonge hukaa barazani na Babu mpaka chakula kiive.