Karibu, Vua Viatu

YAH: KUVULISHWA VIATU KWA MAOFISA WA SHIRIKA WAKATI WA UKAGUZI WA NYUMBA

Waraka wenye kichwa hicho ulibandikwa kwenye milango ya nyumba zote za Shirika pale Kigera, ingawa kila mpangaji alijua umeandikwa kwa ajili ya nyumba moja. Bwana Alfonsi, Ofisa Nyumba, alikwenda kukagua kwa Florian Machage, akaombwa na mke wa Florian avue viatu. Akavua. Kidole gumba chake kikachungulia kwenye tundu la soksi, kikaiona familia nzima, na familia ikakiona. Wiki iliyofuata waraka ukatoka, ukifafanua kwamba kiatu cha ofisa ni sehemu ya vazi la kazi na hakitenganishwi naye awapo kazini.

Dorotea, mke wa Florian, aliusoma waraka, kisha akarudi kupiga deki. Sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu, iliyopatikana kwa kibali miaka ile saruji ilipokuwa ikitafutwa kama mtu aliyepotelea porini. Aliisugua kila asubuhi mpaka kuku wa jirani wakawa wanasimama mlangoni kujitazama. Mgeni yeyote, awe padri, awe mjumbe wa nyumba kumi, alivua. Waliokuwa na soksi mbovu walijifunza kusalimia wakiwa nje.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda. Gati, mama yake Florian, alipokuja kutoka Butiama aliambiwa habari ya viatu, akakaa kizingitini, akala hapohapo, akajifuta mikono.

"Kwetu mgeni anakaaga na viatu vyake," alisema. "Akivua, huyo siyo mgeni tena. Amehamia."

"Mama, ni usafi tu," Dorotea alimjibu.

"Haya, mkamwana. Fagia."

Akaondoka siku hiyohiyo, na Dorotea akahesabu kwamba ameshinda.

Majini nayo, kwa kweli, tulikuwa tukisikia kwamba ni mambo ya pwani. Huku Mara tulikuwa na mizimu yetu, ambayo haikuwahi kumiliki viatu. Lakini ilikuwa miaka ya soko huria. Mashirika yanapigwa mnada, mitumba inashuka kwa marobota, na kila kitu kimeruhusiwa kuingia.

Jumamosi moja ya kiangazi, mchana, Dorotea alikuwa jikoni, upande wa nyuma wa nyumba, akikaanga sato. Wegesa, binti yao, alikuwa chumbani amejilaza. Alikuwa ametoka Bunda kwa mumewe kuja kusubiri uzazi wake wa kwanza, na mkunga alikwisha kuwaonya: mtoto amekaa vibaya, uchungu ukianza asizaliwe nyumbani, wakimbie hospitali.

Mlango wa mbele ukagongwa mara moja. "Hodi."

"Karibu!" Dorotea aliitikia bila kugeuka. "Vua viatu, pita ndani, jisikie nyumbani!"

Akageuza samaki, akafuta mikono kwa kanga, akaenda sebuleni. Hapakuwa na mtu. Mlangoni palikuwa na viatu vya kiume, vyeusi, vya ngozi, vimepangwa vizuri. Aliinama kuvitazama. Kigera nzima wakati ule ilikuwa vumbi, mpaka mboga zilikuwa na vumbi. Viatu vile havikuwa na chembe. Alipoinama zaidi aliona jambo jingine. Vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kulia.

Ndipo akaiona sakafu. Nyayo za maji zilitoka mlangoni zikaenda mpaka kwenye kiti cha Florian, zote za mguu wa kulia, na hapakuwa na hata moja iliyorudi. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea. Pale sebuleni palinuka ngozi mpya na matope ya ziwa.

Florian alirudi kutoka kazini, akavua viatu vyake kama ilivyo sheria, akasikiliza, akaenda kukibonyeza kiti. Mto ulikuwa na joto.

"Mama Wegesa," alinong'ona, "ulimkaribisha nani?"

"Mtu. Si alisema hodi?"

"Ulimwona?"

"Nimuoneje, nilikuwa nakaanga!"

"Na ukamwambia avue."

Florian akafikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho wampeleke Wegesa kwa shangazi yake Bweri, wasubirie huko mambo ya hospitali. Wegesa, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumba akiwa ameshika kiuno, alisema kesho ni mbali, yeye anatoka sasa hivi. Akaenda mlangoni, akachukua raba zake za kitambaa, akaingiza mguu.

Akapiga ukelele.

"Mama! Kuna mguu humu!"

Raba ilikuwa tupu kwa macho. Dorotea aliingiza mkono, na ndani kabisa, pale vidole vinapokaa, vidole vyake vikagusa vidole vingine, vitano, vyenye joto na unyevu, ambavyo vilijikunja kidogo kama vya mtu anayetekenywa. Wakajaribu kandambili, zikawa na uzito wa mtu aliyesimama juu yake, hazikunyanyuka sakafuni. Viatu vya Florian vilikuwa vivyo hivyo. Kila kiatu kilichovuliwa kwenye mlango ule kilikuwa na mwenyewe.

"Tutoke peku," alisema Florian. "Tangu lini mtu wa Butiama akashindwa kutembea peku?"

Akamshika mkewe mkono, mkewe akamshika binti, wakavuka kizingiti cha mbele kwenye jua kali la saa tisa wakiona kabisa barabara na mnazi wa jirani na mbuzi amefungwa kwenye mnazi, wakaweka mguu chini wakitegemea mchanga wa moto, na mguu ukatua kwenye sakafu baridi ya jikoni, karibu na kikaango, kwa maana walikuwa wameingia kwa mlango wa nyuma. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakaingia kwa wa mbele. Walifanya hivyo mpaka Wegesa akachoka na kukaa chini, na kila walipopita sebuleni kiti kilitoa mlio mdogo, kama wa mtu anayegeuka kuwatazama watoto wanaocheza. Madirisha yalikuwa na nondo. Shirika lilikuwa makini sana na nondo.

Usiku wa siku hiyo sitausimulia. Walioukaa wenyewe hawakuusimulia.

Asubuhi kengele ya kanisa ililia, watu wakapita wamevaa vizuri, na waliposikia wakiitwa dirishani na mama ambaye huwavulisha viatu walipunga mkono wakaongeza mwendo. Aliyesimama ni Ursula, mama muuza samaki kutoka Buhare, mwembamba kama furu wa ziwani aliyekaushwa, ambaye pia alikuwa na kazi ya pembeni ya kuongea na mapepo. Alisikiliza kupitia nondo, akatua beseni, akaingia na kandambili zake za plastiki mguuni.

"Vi..." alianza Dorotea, mdomo ukajifunga wenyewe.

"Sema, mama, usiogope," alisema Ursula. "Sema nivue, tukae wote humu mpaka Krismasi."

Alikwenda mbele ya kiti, akachuchumaa, akatega sikio. Kisha kiti kikalia, polepole, mara kadhaa, na Ursula akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza malalamiko ya mpangaji.

"Anasema hakuvunja mlango. Alipiga hodi. Ameambiwa avue, amevua. Ameambiwa ajisikie nyumbani, anajisikia. Anauliza kosa lake ni lipi."

"Atoke tu," Dorotea alisihi. "Mtoto anaumwa. Mwambie nimekosa mimi."

Maana Wegesa alikuwa ameanza. Alikuwa amepiga magoti ameegemea ukuta, na jasho lilimtoka kwenye nywele.

"Siwezi kumtoa mimi," alisema Ursula. "Mwenye nyumba ndiye amwambie avae viatu aende. Baba, sema, haraka."

Florian akajikaza. "Mgeni, vaa viatu vyako uende salama."

Kiti kilicheka. Ursula akamgeukia, akanong'ona, "Nyumba hii ni ya nani?"

"Ya... ya Shirika."

"Shirika ni nani? Nikamwite."

"Shirika limefilisika, mama. Liko chini ya mfilisi."

"Mfilisi yuko wapi?"

"Dar es Salaam."

"Yesu na Maria," alisema Ursula. "Na jini linajua. Hapa pana mtu yeyote anayekaimu?"

Ndivyo Bwana Alfonsi alivyofuatwa nyumbani kwake Jumapili. Ursula alikuwa mwanamke mwenye akili. Hakumwambia habari za jini. Alimwambia kwa Machage kuna mtu amehamia bila kibali. Alfonsi alifika na pikipiki ya Shirika kabla chakula chake hakijapoa, akaingia na viatu, akikanyaga sakafu nyekundu kwa hatua nzito za mtu mwenye waraka, na Dorotea alizitazama alama zile za vumbi kama mtu anayetazama mvua.

"Yuko wapi huyo mkazi wa ziada?"

Wakamwonyesha kiti. Mbele ya macho yake mto ulibonyea zaidi, kama mtu aliyekaa vizuri amekunja nne. Bwana Alfonsi alitoka jasho. Alitaka kuondoka, na angeweza, maana viatu alikuwa navyo; lakini Ursula alikuwa mlangoni, na Wegesa alikuwa amelala chini sasa, akiuma kanga.

"Sema tu, bwana mkubwa," alinong'ona Ursula. "Wewe ndiye Shirika."

Alfonsi akanyoosha shati. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Kwa niaba ya Shirika, na bila kuathiri haki za mfilisi... unaombwa... unatakiwa kuvaa viatu na kuiacha nyumba mara moja."

Mto ukainuka. Harufu ya matope ikawajaa puani, na nyayo za maji zikaanza kujichora zenyewe kwenye sakafu, moja mbele ya nyingine, zikilia pya, pya, za mguu wa kulia tu, zikipita katikati yao, zikipita karibu na kichwa cha Wegesa ambapo zilisimama kidogo, na hakuna aliyevuta pumzi, kisha zikaendelea mpaka mlangoni kwenye safu ya viatu, zikasimama mbele ya vile vyeusi, zikapita, zikasimama mbele ya raba, zikapita, kama mtu aliye sokoni kwenye mitumba ambaye hana haraka, mpaka zilipofika kwenye viatu vya Florian vya kazini. Kamba zikajifunga. Viatu vikashuka ngazi, vikakata kona kwenye mnazi, mbuzi akakata kamba akakimbia.

Alfonsi alipita dirishani kwa macho, akaona haiwezekani, akapita mlangoni. Pikipiki ilisikika mpaka mbali.

Dorotea aliingiza mguu kwenye kandambili. Ziliinuka. Raba za Wegesa zilikuwa tupu, lakini miguu yake ilikuwa imevimba, na kusimama hawezi. Dorotea na Ursula walimshika, huku na huku, wakamwinua. Akapiga kelele, akawaponyoka. Florian, mwanamume pekee pale, alikuwa amekwisha kuruka kizingiti peku ili ashike kwa nje, na wakamsikia akiingia jikoni, maana aliye peku nyumba ilikuwa bado haijamwachia.

Raba na kandambili za wanawake hazikumwingia. Palibaki viatu vyeusi.

"Hivyo usivae," alisema Ursula. "Ameviacha kwa makusudi. Nakuomba, mzee, usivae."

Dorotea aliinama kuvichukua yeye. "Ni mimi niliyemkaribisha, Baba Wegesa. Acha nivae mimi."

"Wewe utambeba? Huwezi hata kuinua debe la maji."

"Nitambeba! Nyumba ni yangu, sakafu ni yangu, maneno yalikuwa yangu!"

"Dorotea." Alimwita jina lake, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Wegesa azaliwe. "Nishikie huyu mtoto shingo."

Akavaa. Vilimwenea vyote viwili. Akambeba bintiye, akavuka kizingiti, na safari hii chini palikuwa na mchanga. Walipita barabarani, Dorotea na Ursula wakimkimbilia nyuma, na watu waliotoka kanisani walisema baadaye kwamba Machage alikuwa akitembea kwa kuvutwa upande mmoja, kama gari lililopata ajali likanyooshwa vibaya, lakini hakupumzika hata mara moja. Kwenye mlango wa wodi ya wazazi muuguzi alimpokea Wegesa, akamtazama Florian miguuni, akasema, kama walivyosema wauguzi wote kwa baba wote, "Mzee, huku ndani viatu hapana."

Florian alijaribu. Dorotea alipiga magoti akajaribu naye, kwa kucha. Hapakuwa na mahali ngozi ya kiatu ilipoishia na ya mtu ilipoanzia.

"Ingia ukae na mtoto," alimwambia mkewe. Alikuwa akiongea naye huku miguu imekwisha kugeuka.

Katika taarifa ya Ofisa Nyumba imeandikwa kwamba mpangaji F. Machage aliiacha nyumba ya Shirika bila kutoa notisi. Wegesa alijifungua mtoto wa kike, salama, jioni ile. Florian alitembea kwa barabara ya Bunda akiwa amevaa viatu visivyo vyake, akapita Bunda, na hakurudi.